Kabla Hujamwita Mtu Jukwaani

Makambako, Jumamosi alasiri

Lusungu mwanangu,

Salamu nimemwachia mama yako akupe, maana leo nikianza na salamu sitafika ninakotaka kufika. Ninyi wawili mko Njombe kwa bibi yako, kuaga kabla hujaondoka na kikundi chako cha maigizo, na mimi nimekuja kukaa huku shuleni, darasa la nne, dawati la mbele, kwa sababu nyumbani kila nikigeuka naliona begi lako. Watoto hawapo. Upepo unapiga mabati. Habari za blanketi, za kula kwa wakati, za kutomwachia mtu usiyemjua mzigo wako ndani ya basi, mama yako ameshazisema na atazirudia kesho stendi. Mimi nina jambo moja tu, na nimelikalia tangu Jumatano.

Kwanza nikiri. Uliponipa mchezo wako ukasema, "Baba, nirekebishie tahajia tu," niliumaliza jioni ileile. Alhamisi ulipouliza nikasema niko ukurasa wa tatu. Jana nikasema nimeusahau shuleni. Nilikudanganya. Niliufungia kwenye kabati la chaki na ufunguo nikatembea nao mfukoni, huku nikijua kabisa kwamba unao kwenye kompyuta na kwamba kuuficha ni utoto. Hofu ndiyo iliyonifanya niufiche, na barua hii ni ya kukueleza hofu hiyo imetoka wapi.

Mchezo ni mzuri. Ni mzuri kuliko wowote niliouandika nikiwa na umri wako. Mwanamke anayefungiwa na mumewe, mchezo unasimamishwa katikati, watazamaji wanaitwa mmoja mmoja waje washike nafasi yake na kuonyesha wangefanya nini. Nilicheka ukurasa wa kwanza. Nilipofika wa nne nikaacha kucheka, kwa sababu nilimjua. Umembadilisha jina. Umempeleka kwenye mji ambao haupo. Umemfanya muuza dagaa badala ya muuza chipsi. Lakini umemwachia kicheko chake cha kuziba mdomo, umemwachia mume anayemsubiri getini ili amkague simu, na umemwachia mtoto anayelala amevaa viatu. Hayo nadhani alikuambia akikusuka, kwenye ngazi za nyuma ya nyumba yake, hatua ishirini kutoka jikoni kwetu. Mama Jeni. Na chini ya ukurasa wa mwisho umeandika kwa kalamu kwamba kikundi chenu kitazunguka na mchezo huu miji yote ya barabarani, na Makambako imo.

Sikuambii uuchane. Nakuomba tu usome nilichowahi kufanya mimi.

Tangu mdogo umekuwa ukiuliza kwa nini shangazi yako Yustina haji kwetu Krismasi. Tulikuambia Bulongwa ni mbali. Ni mbali kweli, lakini si mbali kiasi cha miaka kumi na minane.

Wakati ule nilikuwa mwalimu Njombe mjini, wewe una miaka mitatu. Tulikuwa watu saba tunaoigiza kwenye ukumbi wa parokia, michezo ya kawaida ya Pasaka na ya mahafali. Kisha akaja mtu mmoja kutoka Dar es Salaam akatufundisha kwa juma zima aina hii ya mchezo unayotaka kuifanya wewe, mchezo ambao haumaliziki mpaka watu waingie. Sikuwahi kuona kitu kama kile. Watu wetu unawajua, wanakaa na mikono ndani ya makoti, ukiwauliza jambo wanakujibu "sawa tu, Mwalimu." Watu haohao niliwaona wakiinuka kutoka kwenye nyasi, wakimnyang'anya mwigizaji kitenge na kusema hapana, mimi ningefanya hivi. Nilichanganyikiwa kwa furaha. Mimi ndiye niliyekuwa mwezeshaji, yule anayenyoosha mkono na mchezo unasimama, anayemwita mtu na mtu anakuja. Niliupenda sana ule mkono wangu. Nakuambia hili kwa sababu nadhani na wewe utaupenda wako.

Yustina ni mdogo wangu anayenifuata. Alikuwa ameolewa na mpasua mbao, katika kijiji kimoja njia ya kwenda Makete. Siku moja alikuja mjini kuchukua mbegu za viazi, mama yako alikuwa amekupeleka kliniki, tukabaki wawili. Alikula amesimama karibu na jiko. Akiwa anakula, bila kunitazama, akanieleza kwamba mumewe akilewa humfungia nje. Baridi ya Julai ya huko unaijua, majani yanaamka meupe. Akifungiwa alikuwa anaingia banda la mbuzi na kulala katikati yao apate joto, na kabla hakujakucha anashuka mtoni kujiosha harufu ili majirani wasijue. Alisimulia kama mtu anayeeleza habari za mvua. Kisha akasema, "Kaka, sijaja kushitaki. Nilitaka tu kinitoke mdomoni mara moja. Usimwambie mtu." Nikamwambia sitamwambia mtu.

Nieleze sasa nilichofanya. Sikwenda kwa shemeji yangu. Sikwenda kwa babu yako wala kwa katekista. Nilichukua daftari nikaandika mchezo kwa siku nne, nikijiambia kwamba ndiyo namna yangu ya kumsaidia. Mbuzi nikawafanya ng'ombe. Mpasua mbao nikamfanya fundi cherehani. Nikaona nimeficha vya kutosha, kama wewe na dagaa zako.

Tuliupeleka vijiji vitatu na ukapokelewa vizuri. Kisha mwenyekiti wa kijiji cha akina Yustina akatuma ujumbe kwamba na wao wanautaka. Ningeweza kusema hatuna nafasi. Nilijiambia hakuna atakayetambua. Ukweli ni kwamba kijiji kile kilikuwa kikubwa na nilitaka umati ule.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa, uwanja wa shule. Ukungu ulikuwa umeanza kufunguka. Watu walikaa duara, watoto mbele, wanaume wamesimama nyuma, baadhi wakiwa wametoka moja kwa moja kwenye pombe ya ulanzi. Nilimwona Yustina kati ya wanawake wa jumuiya yake, mtoto mgongoni. Alinipungia mkono. Hakujua mchezo unahusu nini kwa sababu sikuwa nimemwambia. Mumewe alikuwa nyuma, ameegemea baiskeli.

Mwigizaji wetu alifungiwa nje, akabembeleza mlango, akaingia banda la ng'ombe. Nikanyoosha mkono. Nikauliza, "Nani angefanya tofauti?" Akaja mama mmoja akasema yeye angepiga kelele. Akaja msichana akasema angerudi kwao. Mambo yalikuwa yanaenda kama siku zote. Wakati huo nilikuwa sithubutu kumtazama Yustina, nikawa naangalia viatu vyangu.

Ndipo bibi mmoja aliyekaa kwenye nyasi akasema, bila kuinuka, "Mwalimu, hapo umekosea. Si ng'ombe, ni mbuzi."

Watu wakacheka kidogo. Nikadhani ni utani. Mwingine akaongeza kwamba asubuhi huwa anashuka mtoni. Mwingine akasema mtoto hubaki ndani, na sauti yake inafika mpaka kwao. Hawakuwa wanamdhihaki, Lusungu. Hilo ndilo linaloniogopesha mpaka leo. Walikuwa wananisahihisha, kwa upole, kama mimi ninavyosahihisha insha za watoto. Wote walikuwa wanajua. Walijua kwa miaka. Kila aliyefungua mdomo aliondoa kitu nilichokificha na kurudisha cha kweli mahali pake, na kabla sijapata la kusema mchezo wangu ulikuwa umeisha, na pale katikati ya uwanja ilisimama nyumba ya mdogo wangu, haina kuta. Mimi niliyezoea kusimamisha kila kitu kwa mkono, sikujua hiki kinasimamishwaje.

Kisha mtu mmoja akasema, na alisema kwa huruma, "Aje basi mwenyewe atuonyeshe."

Vichwa vyote viligeuka. Yustina akanitazama. Ningeweza kusema mchezo umekwisha, ahsanteni, rudini nyumbani. Maneno hayo ni mafupi na nilikuwa nayajua. Badala yake nilimnyooshea mkono nikasema, "Karibu." Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nadhani niliogopa, na mdomo ukiwa umeogopa husema ulichozoea kusema.

Aliinuka. Alikuja polepole akasimama pale aliposimama mwigizaji, mtoto amelala mgongoni. Akanitazama mimi peke yangu, akasema kwa sauti yake ya siku zote, "Mimi nilimwambia mtu mmoja tu."

Halafu akaondoka. Na watu wakapiga makofi. Wengine walidhani ni sehemu ya mchezo, wengine nadhani walimwonea huruma na hawakuwa na kitu kingine cha kufanya na mikono yao. Nilipotazama nyuma, baiskeli ilikuwapo lakini mumewe hakuwapo.

Ungefikiri nilimkimbilia. Tulifungasha ngoma. Dereva wa pikapu tuliyoazimwa alitaka tuondoke kabla ukungu haujarudi barabarani, nami nikapanda nyuma na wenzangu, nikijiambia kwamba nitakuja kesho, mambo yakitulia. Njiani wenzangu walisema hawajawahi kuona watu wakishiriki namna ile. Walinipongeza. Kwenye kona ya tatu nilimgongea dereva asimame, nikashuka nikatazama tulikotoka, nikapanda tena. Sikusema turudi.

Jumatatu saa nne mtu kutoka kijijini alinikuta darasani. Yustina hakuwa ameonekana tangu jana yake, yeye na mtoto. Mumewe aliapa hajamgusa, alichofanya ni kufunga mlango tu.

Tulimtafuta siku tatu. Ule upande ni mashamba ya miti, mipaini iliyopandwa kwa mistari, ukiingia ndani kila mstari unafanana na mwingine na sauti haiendi mbali. Babu yako alikuwa anaita jina lake, na mimi nikiwa mistari mitano tu kutoka kwake nilikuwa simsikii vizuri. Siku ya pili wakasema tuangalie mto. Chini ya daraja kulikuwa na bwawa lenye kina, tukapewa fito ndefu za kupima. Mimi nilishika ufito. Sijui kama utaweza kuelewa, na naomba usije ukaelewa, ilivyo kusimama ukingoni ukichoma maji kwa ufito, na kila unapogusa kitu laini huko chini moyo unasimama. Mara moja kilinasa. Tukavuta watu watatu. Lilikuwa gunia.

Pale pale ukingoni bibi yako aliniuliza ule mchezo ulihusu nini hasa. Nilimweleza mbele ya watu wote, tangu siku ile ya mbegu za viazi. Alininyang'anya ufito akaendelea kupima maji yeye mwenyewe.

Siku ya tatu jioni akafika dereva wa lori la viazi na habari. Alimkuta Yustina barabarani Jumatatu alfajiri, ametokea msituni, mtoto anapumua kwa shida. Lori lilikuwa linakwenda kupakia kule juu, akampandisha na hakusimama mpaka Bulongwa, akawafikisha hospitali. Mtoto alikuwa na nimonia. Alilazwa majuma mawili na alipona. Ndiye binamu yako Agnesi, ambaye unamjua kwa picha. Mpaka leo akipanda kilima kifua chake kinapiga mluzi, nimeusikia mwenyewe.

Yustina hakumjua mtu hata mmoja Bulongwa. Ndiyo maana alibaki huko. Alianza kwa kuwafulia watu, kisha akapata kibanda cha kupikia chakula, kisha shamba. Mumewe alioa mwanamke mwingine. Hakuna aliyewahi kumwita yeye aje katikati ya uwanja aeleze angefanya nini tofauti.

Nilikwenda Bulongwa mwezi uleule. Alimtuma jirani aje kuniambia kwamba hayupo, huku naiona miguu yake chini ya pazia. Nikarudi. Kikundi kilivunjika, nikaomba uhamisho, tukahamia hapa Makambako, ukakulia hapa. Kwa miaka minne sikuandika kitu zaidi ya maandalio ya somo. Mama yako aliona daftari limefungwa na hakuwahi kuniuliza lini nitalifungua, na kwa hilo namshukuru.

Mara ya pili nilikwenda bila kutoa taarifa. Nilimkuta nje anamenya viazi. Hakuingia ndani. Alinisogezea kigoda kwa mguu. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha, maneno mazuri, unanijua. Alinisikiliza mpaka katikati, kisha akanikatiza. Haya ndiyo nayataka uyaweke, hata kama mengine yote utayaacha hapa. Alisema, "Kaka, kufungiwa nje nilikuwa nimeshazoea. Wewe ulisimama pale ukauliza mimi ningefanya nini. Mimi ningefanya nini? Wale wote walikuwa wanasikia. Kwa nini hukuwauliza wao?"

Nilimenya viazi vilivyobaki, nikaondoka na lori la jioni.

Swali hilo nililibeba mwaka mzima. Ndilo lililonirudisha kwenye daftari. Lakini safari hii kabla sijaandika nilimpelekea barua kumweleza ninachotaka kuandika na kumwuliza kama anakubali. Jibu lilichukua miezi miwili, likaja na dereva, limeandikwa nyuma ya karatasi ya dawa. Lilikuwa maneno mawili tu: "Usiweke mbuzi."

Katika mchezo ule mpya mwanamke haonekani. Kuna familia inakula ugali katikati ya uwanja. Kando tumetundika shuka, na nyuma ya shuka kuna mtu anagonga mlango na kubembeleza afunguliwe. Familia inasikia. Baba anaongeza sauti ya redio. Mama anawaambia watoto wale haraka. Mwezeshaji anasimamisha wale wanaokula, ila sauti ya nyuma ya shuka haisimami, inaendelea. Hakuna anayeweza kushika nafasi ya yule mwanamke. Nafasi zilizo wazi ni za wanaokula tu.

Mara ya kwanza tuliucheza, mimi na kikundi kipya nilichokusanya huku, kijiji kimoja nje kidogo ya Makambako. Siku tatu kabla nilikwenda peke yangu, nikazungumza na watu, na nilikuwa nimejiapia kwamba nikisikia habari yoyote inayofanana na mchezo tutaubadilisha au tutaondoka. Hata hivyo nilikuwa naogopa. Mchezo ulianza, nikanyoosha mkono, nikauliza. Hakuinuka mtu. Yule dada mwigizaji wetu nyuma ya shuka akaendelea kugonga ubao na kubembeleza. Watu wakatazama chini. Mtu akakohoa. Nilianza kuona kwamba nimerudia kosa kwa njia nyingine, kwamba nimewafungia watu hawa ndani ya aibu na sijui mlango uko wapi.

Hatimaye aliinuka balozi wa nyumba kumi, mzee wa makamo. Alivua kofia, akaingia, akakaa kwenye nafasi ya baba anayekula. Akazima redio. Kisha akakwama. Alitutazama akasema, kama anajisemea, "Nikitoka wataniambia naingilia nyumba ya mtu." Mama mmoja akainuka kutoka upande wa pili, akajifunga khanga vizuri, akamwambia, "Basi tutoke wawili." Wakatoka. Wakafuatwa na wengine wawili. Wakazunguka shuka wakamkuta dada yetu ameshika kipande cha ubao, analia kweli, kwa sababu na yeye alikuwa ameogopa kwamba hakuna atakayekuja.

Mwezi uliofuata katekista wa pale aliniambia kwamba balozi na yule mama walikuwa wamekwenda kwenye nyumba fulani, wakakaa mpaka wakasikilizwa. Sikuuliza nyumba ipi. Nakuomba na wewe usiwe mtu wa kuuliza nyumba ipi.

Sasa nirudi kwako, maana jua linashuka na mtakuwa mmeshapanda gari kurudi.

Mkija Makambako mtacheza uwanja wa stendi, watu watajaa, na mume wa Mama Jeni atapita kama wanavyopita wote. Mtu mmoja atasema, hapana, hauzi dagaa, anauza chipsi. Usiku ule wewe na wenzako mtalala Mafinga au Iringa. Yeye atalala palepale. Yule mtoto nadhani atavaa viatu vyake mapema zaidi. Hiki ndicho ninachokiona kila nikifumba macho tangu Jumatano. Siogopi kwamba utashindwa. Naogopa mtafanya vizuri kama tulivyofanya sisi Jumapili ile, na watu watakupigia makofi.

Sijamwambia Mama Jeni chochote. Aliyeambiwa ni wewe, na kesho asubuhi kabla ya basi bado kuna muda wa kupanda zile ngazi. Mweleze ulichoandika. Akisema hapana, itakuuma, na itabidi iwe hapana. Akisema ndiyo, mwulize tena baada ya mwezi, maana mtu anaweza kukubali kwa kukuonea aibu.

Na kuna jambo ambalo mchezo wako umenionyesha na sikulitarajia. Nimeishi hatua ishirini kutoka kwenye geti lile kwa miaka sita. Nimelisikia likifungwa. Nimesikia mambo mengine. Mimi niliyezunguka wilaya nzima na redio na shuka, nikiwauliza wanavijiji kwa nini wanaendelea kula, jioni nikisikia kelele upande ule nimekuwa nikienda kukaa chumba cha mbele. Nilipofika ukurasa wako wa tisa, pale ambapo umeandika tu kwamba "majirani wapo," maneno mawili, niliweka karatasi chini. Sijui kama uliyaandika kwa ajili yangu. Sitaki kujua.

Jana jioni nilikwenda kugonga geti. Alifungua mume mwenyewe. Nilikuwa nimeandaa la kusema na lote likaniyeyuka mdomoni, nikamwomba aniazime msumeno. Akanipa. Tukasimama tukaongea habari za mahindi, mimi nikiongea polepole makusudi ili nisiondoke haraka. Nyuma yake nilimwona Mama Jeni mlangoni, ananitazama kama anayehesabu dakika. Sikufanya kitu kingine. Sina haja ya msumeno. Jumatatu nitaurudisha, na nitamwomba balozi wetu tuongozane. Naogopa, mwanangu, mimi mtu mzima mwenye mvi. Yule bwana ana mabega mapana na ni mtu wa salamu nzuri, na wa namna hiyo ndio wananitisha zaidi. Nakuandikia ili nisipate nafasi ya kughairi.

Mchezo wako nimeubana pamoja na barua hii. Tahajia nimerekebisha, makosa ni machache, unachanganya tu "dhamana" na "thamani" kama ulivyokuwa darasa la sita.

Juzi nilimpigia simu shangazi yako kumwambia kwamba unaondoka na unakwenda kufanya kazi gani. Akauliza kama mtafika Makete. Nikasema huenda. Akasema mkifika atakuja kuangalia, atakuja na Agnesi, ila atakaa karibu na njia ya kutokea.

Iache wazi, Lusungu. Asizuiwe na mtu wala kamba ya turubai, na wewe ukimwona anainuka usimnyooshee mkono.

Baba yako